Mtu Aliyetoka Mwaka wa Vita

Wiki iliyopita nilikuwa kwa msusi, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama kama majani ya nanasi, simu ya mteja mwenzangu ilipolia. Mlio wake ulikuwa filimbi nyembamba, kisha ngoma mbili, kisha saa ikigonga haraka haraka. Nilishtuka hata msusi akanivuta nywele. Muziki ule sikuwa nimeusikia tangu nikiwa na miaka kumi, nyumbani kwetu katika komini ya Tshopo, na papo hapo nikaonja mdomoni karanga za kuchoma tulizokuwa tukila tukiungoja.

Ulikuwa muziki wa tamthilia ya televisheni. Ilikuja kila Jumapili mchana baada ya misa, ikiwa umeme upo. Sisi tulikaa karibu na barrage, bwawa la kuzalisha umeme, tukisikia maji yakinguruma mchana na usiku, kwa hiyo kukosa umeme kulikuwa sawa na kuishi jikoni ukalala na njaa.

Tamthilia yenyewe ilizungumzwa Kifaransa. Mpelelezi wake, mwanamke mwembamba tuliyemwita Madame Inspecteur kwa sababu jina lake lilitushinda, alichunguza mambo ya watu waliotoka katika wakati mwingine. Papa, karani wa serikali aliyetaka kila kitu kiwe na utaratibu wake, alibishana naye tangu mwanzo hadi mwisho. Mama alichambua mchele wake bila kuinua macho na kusema, "Maji ikisha kupita barrage, hairudi kuomba pardon." Lakini hata siku moja hakuondoka kabla ya mwisho.

Kuna kipindi kimoja ninachotaka kuwasimulia. Mwanamume anaingia katika nyumba ya watu asiowajua. Haulizi njia. Anapapasa kuta. Anatafuta vitu ambavyo havipo tena. Madame Inspecteur akawaambia wenzake kwamba mtu wa namna hiyo hakupotea: ametoka wakati mwingine, na amekuja kwa sababu ya jambo moja tu. Na yeyote atakayeitoa siri yake kabla ya wakati ataliharibu jambo hilo. Mimi na mdogo wangu Mado, aliyekuwa na miaka minane, tuliyashika maneno hayo kuliko tulivyoshika katekisimu.

Jumanne iliyofuata tulikuwa tumetoka shule, tumekaa tukichuma majani ya pondu, yaani kisamvu, kwenye vijiti vyake, tuliposikia sauti ya hodi barabarani: "Ko ko ko!"

Aliingia mwanamume wa makamo, papa kama tunavyowaita wote kwetu, amevaa koti lililofungwa vifungo vyote katika joto lile. Alipofika barazani aliinamisha kichwa, kama mtu anayekwepa boriti, na juu yake hapakuwa na kitu ila hewa. Mado alinifinya paja.

"Bonjour, banangu. Papa yenu iko?"

"Iko kazini, papa."

"Na mama?"

"Iko soko."

Alitazama huku na huku, kisha akaenda moja kwa moja nyuma ya jiko bila kuonyeshwa njia. Akaweka kiganja ukutani. "Mulango ya huku, mulifunga?"

Nilitaka kucheka, kwa maana jiko letu halikuwa na mlango upande ule. Halafu nikatazama vizuri. Chini ya chokaa ulionekana mstari, umepanda, umekata kulia, umeshuka: umbo la mlango, mbele ya macho yangu maisha yangu yote, nami sikuwahi kuliona.

Aliomba maji. Mado alimletea kikombe. Alikunywa nusu, na iliyobaki akaimwaga chini polepole katika pembe ya ua, pale tulipochezea nzango, mchezo wetu wa kuruka na kupiga makofi. Hapo ndipo alipoviona vijiti vinne ambavyo Papa alikuwa amevichomeka na kuvizungushia kamba.

"Hii ni nini?"

"Ni WC mupya, papa. Batakuja kuchimba Samedi."

Alichuchumaa akaishika ile kamba kwa vidole viwili. Alikaa hivyo muda mrefu, kuku wakimpita. Kisha akainuka, akapangusa magoti. "Muambie papa yenu nimepita. Muambie asichimbe kwanza. Nitarudi."

Sasa ninyi mnaosoma mtaniuliza: je, mlimwambia? Hatukumwambia. Papa alirudi, akala, akalala, nasi tulibaki na siri yetu vinywani kama pipi. Tulijua sheria: ukisema, unaharibu.

Badala yake tulianza upelelezi. Mado alipima alama za viatu vya yule mgeni kwa kijiti cha pondu. Mimi niliandika katika ukurasa wa mwisho wa daftari la hesabu: haulizi njia, anapapasa kuta, anakwepa boriti isiyokuwepo. Na Alhamisi, tukitoka shule, tukamkuta amekaa kwenye benchi mbele ya parokia, ambako wageni wasio na ndugu mjini hupewa mkeka. Nilikuwa na moyo wa simba siku hiyo. Nilimwendea nikamwuliza:

"Papa, unatoka mwaka gani?"

Hakucheka. Mpaka leo ninamheshimu kwa hilo. Alifikiri, akajibu kama mtu aliyeulizwa swali la haki.

"Miye? Nilitoka hapa mwaka ya vita."

Mado alikaribia kuanguka.

"Na umekuja kutengeneza nini?"

"Hakuna kya kutengeneza, mwanangu. Nimekuja kuangalia kama iko muzuri."

"Nani?"

"Mutoto moja. Anaitwa Esther."

"Iko wapi?"

"Iko kwenu."

"Kwetu hakuna Esther, papa."

"Iko," akasema, akatazama mikono yake.

Tulirudi tukikimbia. Ijumaa yote shuleni tulitafuta Esther aliye hatarini. Walikuwepo wawili. Wa kwanza tulimwuliza kama kuna mtu anayetaka kumdhuru, akamtaja mwalimu wa hesabu. Wa pili alilia akaenda kutushtaki.

Jumamosi asubuhi wachimbaji wawili wakaja na majembe, mmoja mzee mwenye kofia ya majani, mwingine mpwa wake. Nilisimama mlangoni nikiangalia barabara. Yule papa hakuonekana. Mpwa alitema mate viganjani, akainua jembe, na mimi nikasikia sauti yangu mwenyewe kabla sijaamua kusema.

"Papa, asichimbe! Yule mutu amekataza!"

"Mutu gani?"

Nililazimika kumwaga yote: koti, mlango uliofungwa, maji yaliyomwagwa, mwaka wa vita. Papa alikuwa amekwisha kukunja uso. Nikamalizia kwa haraka, nikilia, "Amesema anakuja kuangalia kama Esther iko muzuri. Amesema iko kwetu. Alishika hii kamba."

Mchimbaji mzee alilaza jembe lake chini taratibu, akavua kofia. Mama alitoka jikoni na mikono yenye unga, akasimama. Watu wazima wote wanne walikuwa wanatazama pembe ile ya ua, nami niliwatazama wao, nisielewe wameona nini.

"Tangu siku gani?" Papa aliniuliza.

"Mardi."

Nilingoja kofi. Papa alivaa viatu tu, akanishika mkono, tukaenda parokiani. Yule papa alikuwa anafunga mkeka wake. Alikuwa amesikia kimya chetu siku nne, akadhani ndilo jibu la Papa, na hakutaka kuwepo majembe yakianza. Papa alivua miwani. Sikusikia walichosema, maana nilitumwa kununua mikate ambayo sikuiona ikiliwa.

Tulirudi naye nyumbani. Mama alikuwa ameng'oa vijiti na kukunja ile kamba. Hakutaka itumiwe tena. Alipika lituma, ndizi za kupondwa, na samaki, na mgeni akala, akakaa peke yake nyuma ya jiko mpaka alasiri. Kisha akaondoka kurudi mashambani kwake, upande wa Bengamisa. WC ilichimbwa karibu na ua wa mbele, ambako kila mgeni aliiona kwanza. Papa, mtu wa utaratibu, hakulalamika hata mara moja.

Nilikuwa na miaka kumi na saba mwalimu wetu alipotusimulia siku za mabomu mjini kwetu, mwaka ule wa vita: watu chini ya vitanda, hakuna aliyeweza kufika makaburini, kila nyumba ikizika pale ilipoweza. Niliacha kuandika. Nilikuwa nimedhani yule papa alisafiri kutoka wakati wa mbali. Kumbe alikuwa ametembea miaka ileile kama sisi, siku moja baada ya nyingine, bila njia ya mkato, na ndiyo maana alichelewa.

Jioni nilimkuta Papa anasikiliza redio.

"Esther alikuwa na miaka ngapi?"

Hakuuliza Esther yupi. "Sita."

"Mbona hamukutuambia, Papa? Tuliruka nzango juu yake miaka yote hii. Tuliimba, tulipiga makofi, tulipigana!"

Papa alizima redio.

"Nilitaka kuzungusha palissade ya miti pale," akasema. "Ni papa yake alikataa. Alisema, banabinti yako bacheze hapo. Esther hakupenda kukaa yeye moja."