Siku Niliyolia Kwenye Matanga Yangu

Ulikuwa ule mwaka tuliokula unga wa njano, unga unaonuka gunia, na kila nyumba ikiupima kwa kikombe ili watoto wasilale njaa. Aibu niliyoipata mwaka huo nawapa mwenyewe, kabla hamjaisikia kwa wifi yangu Dama, maana yeye huitia chumvi.

Nilikuwa nikifua mashuka kwa mzungu mmoja hapa Malindi, Mama Karla. Kila asubuhi aliwatoa wageni wake nje kwenye majani, wajikunje, wajinyooshe, yoga hiyo. Mgongo wangu ulikuwa umekaza kwa kuinamia beseni, basi siku moja akaniita: "Mama Kadzo, njoo ulale hapa, mgongo utalegea."

"Mimi chini silali," nikamwambia. (Mwanamke mzima, nilale mbele ya wanaume wenye kaptura!)

Lakini mgongo uliniwaka, nikajaribu. Kuinama ndiyo kazi yangu, wale wasichana wa kizungu niliwashinda, msinibishie. Mwisho akasema sote tulale chali, tufumbe macho, kimya. Nzi wakanijia usoni, miguu iko wazi, nikavuta leso nikajifunika gubigubi, utosi hadi vidole. Hapo ndipo nilipoharibu. Usingizi ukanichukua.

Dama akapita na sinia lake la samaki wa kukaanga, akachungulia uani: wazungu wamelala safu nzima, kimya, na mmoja kafunikwa, na leso ile aijua. Hakuuliza. Alibwaga samaki akakimbia hadi mtaani kwetu, Barani, akipiga mayowe njia nzima.

Mimi naamka jua la utosi, wageni wameshaondoka, mgongo mwepesi, narudi nyumbani natembea kama mwari. Nafika karibu, nasikia kilio kwangu! Na kwetu mtu haingii msibani akiuliza, huingia akilia. Nikajifunga leso kiunoni, mikono kichwani, nikaingia nalia kuwashinda wote: "Uwiii! Umetuachia nani!" Nikajitupa mkekani ubavuni mwa Dama, nikamnong'oneza, "Wifi, ni nani?"

Akanitazama. "Wewe."

Wanawake walitawanyika, mmoja akatorokea dirishani (na mwili wake ule!). Mume wangu alibaki, akanigusa mguu kwa kidole kimoja, akawaambia, "Ana joto."

Wakacheka wote. Mimi kicheko kilinikatika nilipoona sufuria. Kila nyumba ilikuwa imeleta kikombe chake cha unga kwa matanga yangu, na umeshasongwa, kurudishwa haurudishiki. Basi nikawapakulia kwa mkono wangu, watoto wa mtaa mzima wakashiba, na Dama akanipa tonge la kwanza.

"Kula, marehemu."

Nikala. Unga ule niliulipa kwa kuwafulia nguo nyumba zile zote, mpaka mgongo ukakaza vilevile. Mama Karla akaniona nimeshika kiuno, akaniita tena kwenye majani yake, eti nijilaze kidogo tu.

"Mimi chini silali."