Halbadiri ya Tetea Wangu

Tetea wangu alipotoweka hapa Timbwani, wiki tatu sikutulia. Nilizunguka vichochoroni nikinusa vyungu vya watu. Jirani yangu Mama Kadzo alipopika mchuzi wa kuku, nikajua ndiye mwizi. Nikamwita mwalimu wa chuo cha Kurani asome halbadiri ya kumlaani mwizi, na Mama Kadzo nikamshurutisha aje.

Mwalimu akafungua kitabu uwani. Nikafoka, "Wallahi, aliyemficha kuku wangu apofuke!"

Tetea akatokea jikoni kwangu, nyuma ya rundo la makumbi ya nazi, akiongoza vifaranga tisa. Kumbe alikuwa akiatamia, nami najigamba najua kuku!

Mwalimu akafunga kitabu. Mama Kadzo akajiweka sawa mkekani.

"Soma, mwalimu," akasema. "Mbona wasita?"