Farasi wa Sista

Katikati ya miaka ya sabini mume wangu, aliyekuwa bwana mifugo, alihamishiwa Kasulu, nami nikapata darasa katika shule ya msingi ya hapo mjini. Hospitalini kulikuwa na muuguzi wa kigeni, mwanamke mrefu asiye na mume, ambaye sote tulimwita Sista. Alikuwa na farasi jike mdogo, na watu walitoka hata kijiji cha Nyakitonto kuja kumwona akiruka viunzi. Masika moja farasi huyo aliumia mguu wa mbele. Akakaa bandani mpaka mvua zikaisha, akanenepa, akakosa pumzi ya kukimbia. Sista akamwomba mume wangu amrudishie farasi nguvu, kwa sababu mume wangu ujanani aliwahi kutunza farasi shambani Arusha.

Tangu hapo nikawa naamka peke yangu.

"Lazima utoke kabla ya chai?" nilimuuliza.

"Jua likipanda anachoka upesi. Bado mzito."

"Na Sista huwa yupo?"

"Farasi ni wake," alijibu huku akifunga viatu.

Mwanzoni alimtembeza tu taratibu. Baadaye wakaingia mchakamchaka mfupi, kisha kupanda na kushuka vilima. Wakati wa kula alinisimulia jinsi misuli ya mapaja ilivyoanza kukaza. Mimi nilikuwa na mimba ya mtoto wa tatu, miguu imevimba, na hakuna aliyeuliza habari zake.

Jumamosi moja nikaenda mwenyewe kwenye uwanja nyuma ya hospitali. Nilimkuta mume wangu amepiga magoti, anaupapasa mguu wa farasi kutoka gotini hadi kwatoni. "Pole, mama, pole," alimwambia. Sista alikuwa ameegemea shingo ya mnyama. Akasema jambo, wakacheka. Kifua kiliniwaka moto.

"Karibu, Mwalimu," Sista alinisalimu. "Mume wako ana mikono mizuri."

"Najua," nilisema.

Mume wangu alilaza mti chini, farasi akauvuka akitembea. Akauinua juu ya madebe mawili, Sista akampanda farasi. Nilitamani kwa dhati farasi agome. Mara ya kwanza akagoma kweli. Mara ya pili akaruka, mti haukutikisika, na Sista alipoteremka aliushika mkono wa mume wangu kwa muda mrefu.

Njiani nikamwambia, "Mimi pia miguu imevimba."

Akasimama. "Tangu lini?"

"Tangu uanze kumtembeza farasi."

Jioni alichemsha maji, akanikanda kutoka gotini kushuka chini, polepole. Nilipata nafuu, na bado nilikuwa na hasira, maana nilijua mikono ile ilitoka kumkanda nani.

Jumatatu alinipeleka kliniki. Sista ndiye aliyenipima, akasema presha iko juu, akaniamuru nilale. Basi nililala, nikisikia kwato zikipita barabarani asubuhi, na sauti ya mume wangu ikimbembeleza mnyama. Mtoto alizaliwa salama mikononi mwa Sista. Nilimshukuru, lakini kumpenda sikuweza.

Mwaka uliofuata Sista alihamishiwa Kibondo, akaondoka na farasi wake. Mume wangu aliendelea kuamka mapema. Alikaa barazani na kikombe cha chai mpaka jua linatoka. Nilikaa naye, sikumuuliza anawaza nini.