Dawa ya Kumwita Boaz

Ukipita machimbo ya Osiri na kuuliza habari za Truphena wa Sindo, akina mama wanaoponda mawe ya dhahabu watanyamaza kwanza. Sogea karibu basi, nikwambie mimi.

Truphena alifika mwezi wa Januari, siku mbili baada ya shimo kuporomoka mumewe Boaz akiwa ndani. Wenzake wawili walitolewa. Boaz hakupatikana. Wachimbaji walimtafuta mpaka udongo ukaanza kuwatishia na wao, wakaacha. Truphena akakataa kurudi nyumbani. Alikaa kando ya lile shimo, hali, hanywi, na mara mbili walimkuta ameshika kamba anataka kushuka.

Waliomchukua ni wanawake wawili: Mourine, mjane aliyezeeka kwenye mawe, na Bhoke wa Ntimaru, yule asiyekosa la kusema. Wakampa nyundo na mahali pa kukaa.

Hapo ndipo alipomwona Mourine akiosha. Wewe umewahi kuona? Mawe yamekuwa unga, unga umekuwa tope ndani ya karai, na dhahabu huioni hata utoe macho. Mourine akadondosha zebaki kidogo, akakoroga taratibu. Ile zebaki ikazunguka mle topeni ikikusanya kitu ambacho hakuna aliyekiona, ikatoka imeshiba.

Truphena akaweka nyundo chini. "Mama, umeiitaje?"

"Nimeita nini?"

"Dhahabu. Ilikuwa imepotea kwa udongo, na imekuja."

Bhoke akacheka. "Huo ni uchawi wa dukani, dada yangu. Tunanunua kwa chupa."

"Nifundisheni. Mimi ni mgeni hapa, ninyi mmekaa na huu udongo miaka mingi. Kama mnajua kutoa dhahabu, mnajua kutoa mtu."

"Mimi ningejua uchawi ningekuwa hapa na huu mgongo? Si ningejigeuza mbunge!"

Mourine hakucheka. Alikuwa ameona macho ya Truphena yakirudi kule kwenye kamba.

"Iko," akasema. "Lakini iko na masharti."

Bhoke akamgeukia, mdomo wazi.

"Kila asubuhi unakunywa uji kwanza, kikombe kizima. Halafu unaenda pale juu ya shimo, unamwita kwa jina lake na la mama yake mara tatu. Anayeita hashuki. Ukitia mguu ndani, dawa imeharibika. Fanya hivyo mpaka mvua ya masika ianze."

Siku hiyo hiyo Bhoke alimvuta Mourine kando. "Umemdanganya mtoto wa watu."

"Nimemlisha," Mourine akajibu.

Na kweli, Truphena akaanza kula. Asubuhi ungemsikia, "Boaz, wuod Auma! Boaz, mwana wa Auma!", kisha anakuja kuponda mawe kama wengine. Uso ukarudi kujaa. Wiki zikapita, akaanza hata kumjibu Bhoke utani wake.

Mwezi wa Machi shemeji yake akafika kutoka Sindo, amebeba tunda la yago limefungwa kwa shuka jeupe. Kwa Wajaluo, mtu akipotea na mwili usionekane, tunda hilo refu huzikwa mahali pake. Mjane akilizika, amezika mume.

"Shemeji, twende nyumbani," akasema. "Mama anataka kumlaza mtoto wake."

"Huwezi kumzika mtu ninayemwita! Mvua bado. Mkizika sasa mtamfungia njia."

Shemeji akawatazama wale wanawake, haelewi. Mourine akajikokota mpaka mbele ya Truphena, akapiga magoti kwenye vumbi la mawe.

"Hakuna dawa, nyathina, mtoto wangu. Niliitunga mimi. Niliogopa utashuka."

"Yote umetunga?"

"Yote."

"Hata uji?"

"Uji ulikuwa uji tu, mwanangu."

 Truphena hakupiga kelele, na ni heri angepiga.

"Basi nifundishe nyingine."

"Sina."

"Jaribu, mama. Hata ya kutunga. Mimi nitafuata masharti."

 Bhoke, yule asiyekosa la kusema, alikuwa amejifunika uso kwa leso.

Truphena akanyoosha mikono. Shemeji akampa lile tunda, naye akalipakata.

"Mbona zito hivi?"

"Tulitafuta lililo kubwa," shemeji akasema. "Boaz alikuwa mtu mrefu."

Akaitikia kwa kichwa. Kisha akalikunja shuka polepole, akaacha wazi sehemu ndogo ya juu, pale ambapo ungekuwa uso, na akapangusa vumbi la mawe lililokuwa limetua pale.