Risala Niliyomsomea Mgeni wa Kifalme

Kuna watu hapa Barking, mashariki ya London, wakiniona sokoni wanainama wakijifanya wanafunga kamba za viatu, kumbe wanataka wacheke bila mimi kuwaona nyuso, na wala siwalaumu, maana ningekuwa wao ningecheka nimesimama. Aibu ni yangu, nimeipata kihalali, na nimeona niielezee mwenyewe kwa sababu ile hadithi inayozunguka kwenye magrupu ya simu imetiwa chumvi kupita kiasi (eti nilimvua mgeni viatu vyote viwili; uongo mtupu, kilikuwa kimoja).

Mimi ni Bakari, mtu wa Tanga, ingawa Tanga yenyewe nimeiacha zamani. Nimekaa Mombasa, nikakaa Maskati, nikakaa Leicester, sasa London, na kila ninapofika naanza kuwaza nilikotoka, mpaka marehemu rafiki yangu Juma alikuwa akiniambia wewe Baka ukienda peponi utaulizia basi la kurudi. Siku za kazi nasambaza vifurushi kwa gari dogo. Jumamosi najitolea kwenye klabu ya riadha ya watoto, na kazi yangu pale ni mchanga wa shimo la kuruka: mtoto akiruka, nausawazisha kwa reki, nafuta alama zake, mwingine aje. Kazi ndogo, lakini nilishajiaminisha kwamba klabu nzima imesimama juu ya mchanga ule, na mchanga umesimama juu yangu.

Sasa, kwenye shimo letu lile ndipo alipoanzia Hawa, binti wa huyo huyo marehemu Juma. Aliletwa London ana miaka tisa, kwa mama yake mdogo, akaanza kuruka kwetu akiwa na miguu kama fito, na msimu uliopita akaenda Olimpiki akiivalia jezi Uingereza, akarudi na medali ya shaba. Mchezo wake ni ule wa kukimbia na kurukia mchangani, kuruka chini, kama tulivyokuwa tukiita shuleni. Siku ile nililia kwenye gari la vifurushi mpaka mteja akaniuliza kama kifurushi chake kimevunjika.

Watu wa familia ya kifalme wa nchi hii wana kawaida yao: mwanariadha akifanya vizuri hawamsahau. Wengine huandikiwa barua, wengine huitwa kwenye jumba kuvishwa nishani, na mara nyingine mmoja wao huja mwenyewe kuona mtoto alikolelewa kimichezo. Kwetu ikaja taarifa kwamba anakuja mmoja. Si yule wa kwenye noti, ni wa pembeni kidogo, lakini damu ni ile ile na walinzi ni wale wale. Atakaa dakika ishirini na tano.

Na hapa ndipo anapoingia Mama Hawa. Alikuwa Tanga miaka yote hiyo, mwanawe kamuona akiruka kwenye simu tu. Visa aliwahi kuomba akanyimwa, safari hii akapewa, akafika wiki mbili kabla ya ugeni, na visa yenyewe ilikuwa inaisha Jumanne ya baada ya ugeni. Mimi ni rafiki wa marehemu mumewe, kwa hiyo tunaitana shemeji, na mimi ndiye niliyempokea uwanja wa ndege. Kwenye treni akanishika mkono wa koti.

"Shem, ni kweli nitapeana mkono na mtu wa kwa mfalme?"

"Kweli kabisa. Jina lako limeshapelekwa."

"Na watatupiga picha?"

"Watapiga."

"Basi. Wale wanawake wa mtaani kwetu Chumbageni waliokuwa wakisema nimemtupa mtoto Ulaya, picha hiyo ndiyo itakayozungumza nao. Mie nimechoka kuzungumza."

Kochi wetu, Bwana Balbir, ni Kalasinga mzaliwa wa Nairobi anayevuka London nzima kutoka Southall kila Jumamosi, na Kiswahili chake hakijawahi kutoka mtaa wake wa Ngara kule kule Nairobi. Alipanga watu kumi na wawili kwenye mstari wa kusalimiwa, na Mama Hawa akamweka wa mwisho makusudi, kwa heshima, ili mgeni akifika kwake asiwe na haraka ya kwenda kwa mwingine. Kisha akanigeukia mimi.

"Bakari, wewe ndio umekaa hapa kushinda sisi wote. Utakaribisha mgeni. Una dakika moja. Sio mbili. Ukizidisha nitakuchapa mbele ya hao watu."

Nikasema sawa kochi. Na nilikuwa na nia njema kabisa ya kusema karibu, asante, nikae.

Lakini nilipofika nyumbani nikakumbuka shule. Sikuwa mwanafunzi hodari, kidato cha nne nilipita kwa kuchungulia dirishani, isipokuwa jambo moja: risala ilikuwa yangu. Kila alipokuja mgeni rasmi, awe mkuu wa wilaya au bwana afya, anayeitwa kusoma risala ni Bakari, na nilikuwa naisoma mpaka walimu wanatikisa vichwa. Nikajiuliza, mtu wa ukoo wa kifalme anakuja kutupongeza, nimpe dakika moja kama ninayemwelekeza kituo cha basi? Nikachukua kalamu.

Risala ya kweli ina utangulizi, ina historia, ina mafanikio, ina changamoto, na mwisho maombi, na mtu aliyefundishwa vizuri haruki hata kipengele. Zikatoka kurasa nne. Nikazichapisha mara mbili, nakala ya kusoma na nakala ya kukabidhi, na ile ya kukabidhi nikainunulia fremu, maana risala bila fremu ni barua tu. Ukurasa wa kwanza ukakaa mbele, chini ya kioo, tatu zikakaa nyuma yake.

Siku yenyewe palipendeza. Mama Hawa alikuwa kavaa gauni jipya la zambarau na mtandio wake, kasimama mwisho wa mstari tangu saa moja kabla, anakataa kukaa asije akakunja nguo. Mgeni akafika, mtu mpole kweli, akatazama watoto wakiruka, akampongeza Hawa, akaishika ile medali akaipima uzito. Nyuma yake alikuwepo dada mmoja wa itifaki, koti la bluu, waya sikioni, saa haimtoki machoni. Kochi akanipa ishara.

Nikajipapasa mfukoni. Nakala ya kusoma ilikuwa kwenye gari.

Mtu mwenye akili angesema karibu, asante, akakaa, kwani si ndiyo niliyoagizwa? Mimi nikainua fremu kama mtu anayeonyesha picha ya bibi yake, nikaanza kusoma humo humo, huku natafsiri kwenda Kiingereza, kwa sababu nilikuwa nimeiandika kwa Kiswahili fasaha ambacho sasa kilikuwa kinanitazama kutoka nyuma ya kioo. Ukurasa wa kwanza ukaenda. Hawa akanisogelea akaninong'oneza. Kwa kawaida hunijibu kwa Kiingereza cha Barking, lakini akiingiwa na wasiwasi Kiswahili chake chote hurudi.

"Anko Baka, jamani, fupisha!"

"Nafupisha," nikamwambia, nikaigeuza fremu na kuanza kufungua vishikizo vya nyuma.

Vilikuwa vinane, vidogo, vya chuma, na kucha zangu ni fupi. Watu sitini walikuwa wananitazama nikifungua fremu. Kochi alikuwa ananiangalia kama anayechagua fimbo. Mgeni wa kifalme mwenyewe, Mungu ampe umri, ndiye aliyenishikia kioo.

Nikasoma mafanikio. Nikasoma changamoto. Nikafika kwenye maombi: mchanga mpya, taa za uwanjani, na choo cha wasichana ambacho mlango wake unafungwa kwa kamba. Kisha nikanyamaza, nikasubiri, kwa sababu kwetu risala ikiisha mgeni rasmi husimama na kuahidi. Mabati atatoa, saruji atatoa, watu wanapiga makofi. Nikasubiri. Hakuna aliyejua kwamba kuna kinachosubiriwa ila mimi. Ndege ikapita juu, ikaenda zake.

Mgeni akaona lazima mtu aseme kitu. Akauliza kwa upole, "Mchanga una tatizo gani?"

Nawaambia ukweli, miaka yote niliyoshika reki hakuna binadamu aliyewahi kuniuliza swali lile. Moyo ukanijaa. Badala ya kujibu kwa maneno mawili nikasema njoo uone, nikamtangulia, naye kwa adabu zao (hawa watu wamefundishwa kutokataa) akanifuata mpaka ukingoni, na mimi nikamwonyesha ulivyoshikana chini na ulivyo laini juu, nikamwambia ukikanyaga hapa utaona mwenyewe. Akakanyaga. Akaona. Kiatu kikazama chote, mguu ukatoka na soksi peke yake.

Dada wa itifaki alitoa sauti ambayo sidhani imo kwenye mafunzo yake. Tukamkalisha mgeni kwenye benchi, mimi nikapiga magoti nikafukua kiatu, nikakikung'uta, na kila nikikikung'uta mchanga ulikuwa bado unatoka (nilikuwa nimeusifia kwa wingi wake, ukurasa wa tatu). Kilikuwa kiatu chembamba, kizuri, kilichoshonwa soli upya, jambo lililonigusa. Wapiga picha walikuwa wamekuja kupiga picha ya bingwa. Wakanipiga mimi, nimepiga magoti, nimeinua kiatu juu na kuchungulia ndani yake kama naangalia kama kuna mtu.

Tulipomaliza, dada akagonga saa yake kwa kidole. Mgeni akaanza mstari wa kusalimia, akampa mkono wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Hapo dada akamsogelea akamnong'oneza, na wote wawili wakageuka kuelekea magari.

Mama Hawa alikuwa wa kumi na mbili. Mkono wake alikuwa ameshauinua kidogo, si kuunyoosha, ule wa mtu anayejiandaa. Hawa akakimbia kumshika dada wa itifaki, nikamsikia anamwambia mama yangu yule pale, ametoka mbali, sekunde tano tu, na dada akasema samahani, samahani sana, kuna shughuli nyingine, wamechelewa. Mgeni alipunga mkono dirishani. Alitupungia sote, na Mama Hawa akiwemo, lakini kupungiwa ukiwa na watu sitini hakukai kwenye fremu. Gari likakata kona.

Kochi alinipita akaenda kukusanya koni, na ningetoa kitu kizuri anichape kama alivyoahidi. Hawa alikuwa kampa mgongo kila mtu, analia, yeye aliyesimama mbele ya dunia nzima bila kutetemeka.

Nikachukua kikombe cha chai nikampelekea Mama Hawa. Alikuwa amekaa sasa, gauni halina tena la kuogopa.

"Shem, nisamehe."

"Kwa lipi?"

"Kwa mkono. Nimekula muda wako wote."

"Mkono si huu hapa? Haukukatika." Akapuliza chai. "Wanawake wa Chumbageni nitawapa jibu jingine. Si la leo hilo. Mie kuna jambo jingine linaniuma, nikikwambia usikasirike."

"Sikasiriki, shem. Niambie."

"Ile risala yako nilimwomba mtoto mmoja hapo anitafsirie. Yote, sikuacha kitu. Umewashukuru watu wa manispaa. Umemshukuru kochi, ni haki yake. Umemshukuru aliyeleta zile koni za plastiki. Mchanga umeushukuru mara mbili. Nikasema moyoni, huyu ananiweka mbele huyu, shemeji yangu ananijua, nitakuwemo ukurasa wa pili. Sikuwemo. Nikasema wa tatu. Nikasema basi wa nne, ameniweka mwisho kama kochi alivyoniweka mwisho, kwa heshima. Kumbe wa nne ni choo."

Akacheka. Kicheko cha kweli, mpaka chai ikamwagika kwenye sahani, na mimi nilikuwa sina pa kuuweka uso, kwa sababu mkono wa mgeni ningeweza kuusingizia vishikizo vya fremu, au mchanga, au dada wa itifaki na saa yake, lakini hili la kurasa nne nililiandika mwenyewe, mezani kwangu, nimetulia, na mama aliyemzaa bingwa na kumtoa mikononi mwake ana miaka tisa hakuniingia akilini hata kwenye utangulizi. Nilikuwa najisikiliza.

Jumanne nilimsindikiza uwanja wa ndege. Njia nzima alinisimulia habari za mvua za Tanga, la risala hakuligusa tena, na mpaka leo natamani angeligusa.

Fremu nimeiweka uvunguni. Sitasoma risala tena maisha yangu, hata kama atakuja nani, hata wakinipigia magoti. Nikiombwa neno siku hizi, iwe ni harusi, iwe ni mahafali ya watoto nisiowajua, kwanza nauliza mama mzazi amekaa wapi, naulizia jina lake kamili, nalitaja, nasema asante, nakaa. Watu wanasema Bakari amezeeka, maneno yamemwishia. Yameniishia kweli, limebaki moja ambalo nilipaswa kulisema siku ile mbele ya watu sitini na mgeni wa kifalme mwenye kiatu kimoja: mama yake Hawa anaitwa Mwanaisha binti Kombo. Asanteni.