Mfupa Nyuma ya Jikoni

Mvua za mwaka ule ziliubomoa ukuta wa mawe nyuma ya jikoni yetu, huku Bagira, mtaa wetu wa mlimani, nikaita waashi waje wajenge mwingine kabla mlima haujatufuata vyumbani. Asubuhi moja sepetu zikanyamaza. Nikadhani wamekaa tena kunywa chai, nikatoka na maneno yangu tayari mdomoni. Niliwakuta wamesimama kando ya mtaro, kofia mikononi.

"Madame, kuko mufupa ya mutu," mkubwa wao akasema.

Mimi ni mwalimu wa historia. Kila mwaka nawaimbia wanafunzi kwamba taifa lazima lijue lilikotoka. Ni maneno matamu ukiwa na chaki mkononi. Pale mtaroni sikutaka kujua lolote, kwa sababu kaka yangu, mtoto wa kwanza wa mama, alipotea wakati wa vita. Alitoka kututafutia unga, akapanda mlima huu huu ulio nyuma ya nyumba, maana barabarani kulikuwa na askari. Hakurudi, wala hakuna aliyetuletea habari. Mama, ninayeishi naye, hajawahi kukubali tufanye kilio. Asiye na kaburi, anasema, bado yuko safarini.

Sikuogopa mizimu. Niliogopa kwamba kwa miaka yote hiyo tulikuwa tunamwaga maji ya vyombo juu ya kaka yangu, na kwamba mama, aliyekuwa anachambua maharagwe pale jikoni, angesikia.

"Funika tu, Madame," mwashi akanong'ona. "Leta ikikuya hapa, parcelle itaisha."

Hakukosea. Kwetu Leta, yaani serikali, ikija kutazama shimo, hubaki na kiwanja. Nikachukua beseni kubwa la kufulia, nikaufunika mfupa, nikawaambia waende nyumbani wafunge midomo. Ila Bagira imejengwa kwenye mteremko, na kila nyumba inachungulia ua wa nyumba iliyo chini yake. Jirani wa juu alikuwa ameona wanaume wamevua kofia. Mchana akafika na mfuko wa makala, yale makaa ya kupikia msibani, kitenge amekifunga kiunoni, akaketi chini kama tunavyofika kwenye kilio. Nilimfukuza.

"Hapa hakuna maiti! Rudisha makala yako!"

Mama aliinua macho, akamtazama jirani, akatazama yale makala, akarudi kwenye maharagwe yake. Aliuliza kitu kimoja tu: "Beseni ya kufulia iko wapi?"

"Nimeiazimisha," nikasema.

Usiku ule sikulala vizuri. Kulipokucha nikampigia simu mwenzangu tuliyesoma pamoja, ambaye alichagua akiolojia tukamcheka sote, na sasa anaifundisha chuoni mjini. Alikuja na mwiko wa mwashi, brashi na kamba. Nilitaka atazame mfupa aniambie mara moja, nipone au nife. Yeye akaanza kukwangua ukuta wa mtaro, polepole, kama mtu anayemenya kiazi cha moto.

"Usiniharakishe, collègue. Udongo unasomwa kuanzia juu."

Juu kulikuwa na mifuko ya plastiki. Chini yake, ganda la risasi. Nilipoliona nilikaa chini kwenye matope na gauni langu la kazini. Akaendelea: kipande cha sahani ya bati ya enzi za Wabelgiji, kisha udongo mwekundu mtupu, tabaka nene lisilo na kitu. Ndipo likaja jivu, na mavi ya chuma, mabaki ya tanuru, mazito na meusi, na chungu kilichovunjika chenye kibonyeo kitakoni, kana kwamba mfinyanzi alikiaga kwa kidole gumba. Pembeni mwa chungu, mtu amelala kwa ubavu.

"Angalia mistari hii," akasema. "Angezikwa wakati wa vita, shimo lake lingeikata. Haijakatwa. Mifupa huwa inaoza katika udongo wetu, huyu ameokolewa na jivu. Ni mutu wa zamani sana, mbele ya bami, wale wafalme wote tunaowataja, mbele ya bazungu. Watu wake walikuwa wanayeyusha chuma hapa."

Nilicheka kwa sauti, kicheko kibaya cha mtu aliyeponea chupuchupu. Kitabu changu cha shule kinaanza habari za Mkongo na mzungu aliyekuja kuona ziwa. Kumbe wahunzi walikuwa nyuma ya jikoni yangu, wakitungoja tubomokewe na ukuta. Mwenzangu hakucheka. Alisema nchi hii tunaichimbua kila siku, lakini tunatafuta dhahabu tu.

Nikageuka nichukue maji, nikamkuta mama nyuma yetu. Alikuwa amevaa nguo zake za kanisani, siku ya kazi. Kwapani alikuwa na kitu kilichokunjwa.

"Ni yeye?" akauliza.

"Hapana, maman," mwenzangu akamjibu kwa heshima. "Huyu ni wa zamani sana. Tumushukuru Mungu."

"Uko na hakika, mutoto yangu?"

"Niko na hakika, maman."

Mama hakumshukuru Mungu. Alichutama kando ya mtaro, akamtazama yule mtu na chungu chake kwa muda mrefu, na mabega yake yakashuka. Hapo ndipo nilipoelewa. Mimi nilikuwa nimeogopa awe yeye. Mama alikuwa ameogopa asiwe.

"Nilikuwa nimemuletea shuka," akasema.

Lilikuwa jeupe, jipya, likinukia dawa ya nondo. Sikuwahi kuliona nyumbani mwetu. Upepo ulikuwa umefunua pembe yake moja. Akaikunja tena, akailainisha kwa kiganja, akaingia ndani. Nilisikia kifuniko cha sanduku lake kikifungwa.