Mkataba Uliolowekwa na Mbegu

Hapa Mofu, ukitaka kujua umekosea wapi shambani, humhitaji bwana shamba. Mngoje Merina apite. Atakuambia miche yako imebanana, jaruba lako la mpunga linavuja na jembe lenyewe umelishika vibaya, halafu atamwamkia mama yako shikamoo na kuendelea na safari. Mimi ni jirani yake mwaka wa ishirini sasa. Nimesemwa mpaka nimezoea.

Ndiyo maana siku alipoharibu yeye, nilicheka.

Mkataba wa shamba lake, ekari tatu alizouziwa na shemeji yake Anselim, aliuficha ndani ya mfuko wa mbegu. Msimwone mjinga. Kwetu mto ukipanda, mfuko wa mbegu ndio unaobebwa kwanza, kabla ya godoro, na hakuna mwizi anayehangaika nao. Ila aliukunja tu, bila hata kuufunga kwenye nailoni. Mwaka juzi mvua ziliwahi, tukakimbizana, naye kwa mikono yake akaumimina mfuko wote kwenye pipa la maji tuloweke mbegu. Kesho yake nikaingiza mkono nikatoa uji wa karatasi wenye madoa ya wino. Merina akaninyang'anya, akaurudisha pipani. Vyote tukavimwaga shambani.

"Yosefina, ukisema, tumeachana."

Nilinyamaza. Lakini sijui nani alimnong'oneza Anselim kwamba karatasi haipo, maana baada ya mavuno alianza kudai shamba ni lake, kwamba yeye alimkodisha Merina tu. Kesi ikafika baraza la ardhi, Ifakara.

Merina alikuwa na kopi moja, yenye mhuri wa mahakama. Karani wa baraza akamweleza kwamba kopi inaweza kupokelewa badala ya mkataba wenyewe, ila kwanza aseme huo wenyewe umepotelea wapi, na awepo aliyeona.

"Nitasema wezi," Merina akaniambia njiani. "Wewe utasema uliwaona."

"Mimi? Niape Biblia mkononi kwa ajili ya aibu yako? Thubutu!"

Tukaingia Ifakara kila mmoja na lake.

Anselim alisimama amechomekea shati. "Mheshimiwa mwenyekiti, naikataa hiyo kopi. Siku hizi karatasi yoyote inatengenezwa. Alete mkataba wenyewe."

"Mama, mkataba wenyewe uko wapi?" mwenyekiti akauliza.

Merina akanitazama. Mimi nikatazama dari.

"Uko shambani, mheshimiwa. Niliuloweka na mbegu, nikaumwaga na mpunga."

Chumba kikaangua kicheko. Benchi la nyuma lilijaa watu wa Mofu, wote aliowahi kuwasema, na mmoja alicheka mpaka akatolewa nje. Merina alisimama tu, machozi yakimlenga, na hapo nikamwonea huruma kweli. Nilipoitwa nilieleza pipa, uji wa karatasi, kila kitu.

Kisha akaruhusiwa kumuuliza Anselim maswali.

"Shemeji, mwaka ule ulipopigana kilabuni ukawekwa ndani, nani alikudhamini?"

"Wewe."

"Kwa mali gani?"

Anselim akakohoa. "Shamba hilihili."

"Karani wa mahakama aliushika mkataba wenyewe, akautoa kopi, akagonga mhuri na wewe unaangalia. Kopi yenyewe ndiyo hii. Siku ile ilikutoa ndani ukaenda kulala kwa mkeo. Leo imekuwa ya kutengenezwa?"

Safari hii hakuna aliyecheka. Mwenyekiti akaipokea kopi, na wiki tatu baadaye akaamua kwamba shamba ni la Merina.

Juzi alinikuta najiandaa kuloweka mbegu nyingine uani. Miche yangu ya kitaluni ilikuwa imebanana vilevile, na akaiona. Akafungua mdomo, nikajua leo nasemwa.

"Yosefina," akasema taratibu, "kabla hujamimina, ingiza mkono kwanza mpaka chini ya mfuko."